Sheria ya Zizi la Mzee Manyanda

Pale mnadani Majimoto mtu hakununua dume la mbegu kabla Mzee Manyanda hajalishika. Wengine walitazama meno, wengine pembe, wengine walipima urefu kwa macho wakijifanya wataalamu. Manyanda hakuwa na mambo mengi. Alipita nyuma ya dume, akafumba macho, akapeleka mkono kule kunakohusika, akatulia kidogo huku midomo ikimchezacheza, kisha akatoa hukumu. "Chukua." Au: "Hili la nyama." Muuzaji akinuna, shauri yake. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Kwenye zizi lake mwenyewe alikuwa mkali zaidi. Dume likizaliwa na korodani moja mfukoni na nyingine imebaki tumboni, lilikuzwa mpaka likafaa kuuzwa, likapelekwa mnadani, na mama yake akapelekwa siku hiyohiyo hata kama alikuwa anajaza ndoo ya maziwa. "Kaitoa kwa mama," Manyanda alisema. "Ukimwacha mama, mwakani anakuletea mwingine." Katarina, mke wa mwanawe Malale, alikuwa na mimba ya miezi saba siku ng'ombe aliyeitwa Maua alipopandishwa kwenye fuso pamoja na mwanawe. Maua aligeuza shingo akalia. Katarina alicheka na wenzake, maana wakati ule lilikuwa jambo la ng'ombe tu.

Kitu kingine kilichojulikana kuhusu Manyanda ni kwamba hakuoga na watu. Wanaume wa rika lake walikwenda pamoja kwenye chemchemi ya maji ya moto, wakakaa humo wakisengenya serikali na wakwe zao. Yeye alioga nyumbani, nyuma ya ua wa mabua, mlango umefungwa kwa kamba. Watu walisema ni maringo ya mwenye ng'ombe wengi.

Mtoto wa Malale alipozaliwa, na akawa wa kiume, mzee alimpa jina lake mwenyewe. Sasa mkwe hatamki jina la baba mkwe, na Katarina, Mpimbwe aliyekulia kwenye mashamba ya mpunga na kuolewa kwa Wasukuma mwaka wa tatu huo, alikuwa anajitahidi awe mkwe asiye na la kusemwa. Kwa hiyo akamwita mtoto Wajina, na nyumba nzima ikamfuata.

Wiki ya pili, akimwogesha Wajina kwenye karai, vidole vyake vilihesabu moja. Akahesabu tena. Ilibaki moja. Upande wa pili mfuko ulikuwa umelala kama soksi isiyo na mguu. Katarina alimkumbuka Maua akigeuza shingo, na toka siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine amwogeshe mtoto wake.

*

Wajina alipotimiza miezi tisa ilibidi apelekwe kuchanjwa surua. Katarina alikuwa amepiga hesabu zake: sindano ni ya mkono, suruali haihusiki. Chanjo za mwanzo walimpima na nguo, kwa hiyo mizani aliisahau. Nesi Vestina alikuwa amesimama pale chini ya mizani ya kuning'iniza, mikono kiunoni.

"Vua nguo zote. Mimi sipimi nguo, napima mtoto. Jina lake?"

Katarina akaonyesha kadi kwa kidole.

"Nimekuuliza, huna mdomo?"

"Limeandikwa hapo, dada."

"Naona Manyanda. Ndiye huyu?"

"Ndiye huyohuyo."

Wanawake kwenye benchi wakacheka, maana walijua mkwe wa nani alikuwa anateseka. Vestina naye akatabasamu, akamshusha mtoto kwenye mizani, akampapasa tumbo, akateremka chini kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Mama, hii nyingine iko wapi?"

Sauti ya Vestina ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita wagonjwa walioko ng'ambo ya uwanja. Benchi zima likageuka.

"Inakuja," Katarina alisema kwa kunong'ona.

"Inakuja na basi gani? Ina miezi tisa iko njiani!"

Benchi likaangua kicheko. Katarina alitamani ardhi impokee yeye na mtoto na kadi. Lakini Vestina aliona machozi, akamshika mkono, akamwingiza chumba cha ndani, na humo alishusha sauti kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hukufanya kosa kuzaa hivi, sikia. Wapo wengi. Kwa watoto wengi inashuka yenyewe miezi ya mwanzo. Ikifika miezi sita haijashuka, haishuki tena kwa kungojea, hapo unamwona daktari. Ulitakiwa uje miezi mitatu iliyopita."

"Na nikingoja mpaka akue?"

"Huko tumboni kuna joto kuliko kule inakotakiwa kukaa. Inaharibika polepole. Akiwa mtu mzima anaweza kupata shida ya kuzaa, na inaweza kuota uvimbe mbaya. Operesheni yenyewe ni ndogo, inafanywa mapema, akiwa na mwaka hivi, asipitishe mwaka na nusu." Alichukua karatasi akaandika. "Jumatatu madaktari bingwa wanakuja Mpanda, wapo mpaka Ijumaa. Usipokwenda, sijui wanarudi lini tena. Na daktari atakuuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye hali hii. Ulizia nyumbani uende na jibu."

Katarina alikunja karatasi ikawa ndogo kama punje ya hindi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kuulizia nyumbani! Alirudi njia nzima akiona fuso mbele ya macho, na yeye amekaa juu yake na Wajina, wanarudishwa kwa baba yake Telesphor, na nyuma yao wazee wa Kisukuma wanadai ng'ombe wao wa mahari.

*

Malale alikuwa mwanaume wa kilo themanini, aliyeweza kumwangusha maksai kwa kumshika pembe. Mbele ya baba yake alikuwa mtoto wa darasa la pili. Mkewe alipomweleza, alikaa juu ya jembe la kukokotwa, akajifuta jasho ambalo halikuwepo.

"Tusubiri mvua. Ndama wengine inashuka majani yakiota."

"Malale, huyu anakula majani?"

"Baba akijua je? Unaijua sheria yake."

"Ndiyo maana nalia na wewe, sio na yeye."

Malale alifikiri mpaka mshipa ukamtoka kwenye paji. Mwisho akapata akili ambayo aliiona nzuri sana: watasema mtoto anaumwa jicho. Jicho halina aibu, na Mpanda daktari wa macho yupo.

Jumamosi asubuhi wakaenda wote wawili kwa mzee, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, redio begani, anatoa ugoro kwenye kopo. Katarina alipiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Wajina wangu hajambo?"

"Ana jicho, baba," Malale aliwahi kusema. "Inabidi tumpeleke Mpanda."

"Jicho lipi?"

"La kushoto," alisema Malale.

"La kulia," alisema Katarina, kwa sekunde ileile.

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwinamia mjukuu wake na kupitisha kopo la ugoro mbele ya uso wake, kushoto, kulia, juu. Wajina alilifuata kwa macho yote mawili, akalingoja lipite karibu, akalidaka, akalitia mdomoni.

"Mwizi huyu anaona kuliko mimi," Manyanda alisema, akalivuta kopo lake. "Jumatano tunaogesha ng'ombe joshoni na nakutaka hapo, Malale. Mwenye jicho anawe uso."

Walirudi nyumbani. Malale alisema labda wangechagua sikio. Chakula cha mchana Katarina alimpikia lakini hakumwita.

*

Jumapili, Katarina aliporudi misani, alimkuta mama mkwe wake Hana jikoni, anachagua mchele na Wajina amemkaa mapajani. Mtoto alikuwa uchi kama alivyozaliwa. Katarina alisimama mlangoni na kitabu chake cha nyimbo mkononi.

"Alijikojolea, nikamvua," Hana alisema bila kuinua macho. "Mume wangu huyu, sitamwona uchi?"

"Nipe nimvishe, mama."

"Kaa chini, Katarina. Unafikiri nimelea watoto sita bila kujua kuhesabu mpaka mbili?"

Katarina akakaa.

"Ulijua, mama?"

"Toka akiwa na wiki tatu. Ulikwenda choo, nikambadilisha nguo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Ukaniogopa kama vile mimi ndiye mwenye fuso." Hana alisema hivyo kwa uchungu, maana kweli lilimuuma, miezi yote ile kufungiwa mlango akisikia maji ya karai.

Hapo Katarina alilia kwelikweli, kamasi na yote. Akafungua pindo la khanga, akasoma karatasi ya Vestina, akaeleza habari ya Mpanda na siku tano, akamalizia na hofu yake: "Baba atanirudisha kwetu. Atasema imetoka kwangu."

Hana aliweka ungo chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, Katarina akadhani naye analia. Alikuwa anacheka.

"Akurudishe? Mzee huyu? Mwanangu, mimi ninaishi na moja mwaka wa arobaini na mbili sasa." Aliinua kidole kimoja, akakiangalia, kisha akakielekeza nje, upande wa zizi.

"Baba!"

"Shii! Atasikia. Kwani unadhani haendi chemchemi kwa maringo? Nilizaa sita, ndiyo, Mungu alitusaidia, ile moja ilikuwa na bidii. Lakini siku hizi hospitali ipo, mtoto halelewi kwa kubahatisha." Alimnyanyua Wajina, akamtupia mama yake. "Hajui kama nakumbuka. Siku ya harusi niliapa sitasema, na kwa watu wote sijasema. Wewe sio watu."

Katarina alifuta uso. Kwanza alishika mdomo asicheke, akashindwa, na wanawake wale wawili wakacheka mpaka mchele ukamwagika na kuku wakaingia. Hasira ilikuja baadaye. Alimfikiria Maua, ndoo nzima ya maziwa kila asubuhi, akapandishwa fuso na mtu mwenye moja.

"Niende nikamwambie mimi, mwanangu?" Hana aliuliza.

"Hapana," Katarina alisema. "Nesi alinituma mimi."

*

Manyanda alikuwa amekula, ametulia, na kidole kimejaa ugoro kikielekea puani. Katarina alipiga magoti kwa adabu zote, macho chini, Wajina mgongoni. Hana alikuja nyuma yake na ungo, akaendelea kuchagua mchele ambao ulikwishachaguliwa.

"Baba, jana tulikudanganya. Sio jicho. Wajina ana korodani moja. Nyingine haijashuka."

Mkwe kumtamkia baba mkwe neno lile! Kidole cha mzee kilisimama hewani. Aliinuka nusu, na Katarina aliona midomo yake inaanza kuchezacheza, vilevile kama mnadani kabla ya hukumu. Alijua akinyamaza sasa amekwisha.

"Nesi anasema afanyiwe operesheni Mpanda wiki hii. Na anasema daktari atauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Nimempigia simu baba yangu, kwetu hakuna. Upande wa huku, nijibu nini, baba?"

Ugoro uliingia njia isiyo yake. Mzee Manyanda alipiga chafya saba, machozi yakamtoka, kofia ikaanguka. Alipomaliza alimtazama mkwewe, aliyekuwa ameinamia ardhi kama mtakatifu. Kisha akamtazama mkewe. Hana aliokota chenga moja, akaichunguza kwenye mwanga, akaitupa.

Ng'ombe walikuwa wanacheua.

"Mwambie," mzee alianza, akakohoa. "Usimwambie kitu. Nitakwenda kujibu mwenyewe."

"Na josho, baba?"

"Malale ana mikono miwili."

*

Jumatatu Katarina, mtoto na mzee walilala Kawajense, palepale Mpanda, kwa binamu wa mzee, na Jumanne saa moja walikuwa kwenye benchi la hospitali. Daktari alikuwa Maximilian, kijana mrefu, mgeni kabisa wa upande huu. Mzee alimtazama kwa mashaka kama anavyomtazama muuzaji. Lakini daktari, kabla hajamgusa Wajina, alisugua viganja vyake, akavipasha kwenye kikombe chake cha chai.

"Kwa nini unafanya hivyo?" Manyanda aliuliza.

"Mkono wa baridi ukimgusa, hata iliyoshuka inapanda juu. Utadhani haipo, kumbe imejificha."

Mzee alikubali kwa kichwa taratibu. "Unajua kazi," akasema, na Katarina alijua hiyo ndiyo "chukua" yake.

Daktari alipapasa, akasema iko kinenani, karibu, na Alhamisi wataishusha. Kisha akachukua kalamu. "Kuna mwingine kwenye familia aliyekuwa na tatizo hili? Baba, mjomba, babu?"

Katarina alianza kumfunga mtoto nepi kwa umakini mkubwa. Manyanda alitazama dari, akatazama mlango uliokuwa na pazia tu, akamsogelea daktari sikioni, akamweleza jambo kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini kabisa. Alichagua Kisukuma ili mkwe wake Mpimbwe asisikie, ingawa mkwe huyo alikuwa anagombana na kuku wake kwa Kisukuma mwaka wa tatu sasa.

"Samahani mzee, sielewi lugha hiyo," daktari alisema. "Doto! Njoo unitafsirie."

Doto, mhudumu wa zamu, mwanamke mnene mwenye furaha, alichungulia pazia. Mzee alimrudia kwa kunong'ona. Doto alisikiliza, akafurahi kuwa na faida, akatangaza:

"Anasema na yeye anayo moja! Toka kuzaliwa! Mtoto kafuata jina!"

Nje ya pazia kulikuwa na benchi la watu ishirini. Mtu mmoja alisema, "Pole, mzee," na mwingine akauliza, kwa Kisukuma kilichonyooka, kama huyo si Manyanda wa Majimoto, yule wa madume.

"Mzee," alisema Daktari Maximilian, "panda kitandani."

"Mimi nimeleta mtoto."

"Umri wako ndio unaonitisha kuliko wa mtoto. Iliyobaki ndani miaka yote hiyo inaweza kuota uvimbe bila wewe kujua. Ulitakiwa uonwe zamani. Panda."

Katarina alitoka na Wajina haraka, kwa heshima, akakaa nafasi ya kwanza karibu na pazia, pia kwa heshima. Alisikia kitanda kikilia. Alisikia mkanda ukifunguliwa, kisha kimya, kisha sauti iliyohukumu madume miaka thelathini ikipiga kelele:

"Mikono yako ya baridi, daktari! Ya mtoto mbona uliipasha?"

Benchi zima lilikufa kwa kicheko, na Katarina alicheka kuliko wote, uso umefichwa kwenye kichwa cha mwanawe.

Mzee alipotoka alikuwa na karatasi ya kipimo cha picha mkononi. Alikaa mbali kidogo na mkwewe, kama adabu inavyotaka, akatazama ukuta.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema, bila kumgeukia. "Tulikuwa tunaoga mtoni, watoto wa kuchunga. Walinicheka mpaka nikarudi nyumbani uchi, nguo nimeziacha. Nikadhani duniani ni mimi tu."

Kicheko kilikuwa kimemwisha Katarina. Alimnyanyua Wajina mapajani akampa babu yake ampakate. Mzee alimpakata.

Kipimo kilionyesha hakuna uvimbe, ila aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu waamue kama waitoe. Alhamisi Wajina aliingizwa chumba cha operesheni saa tatu, na kabla ya saa tano alikuwa nje, amelegea, na kidonda kidogo kinenani. Katarina alihesabu. Zilikuwa mbili. Alihesabu tena, kwa raha tu.

*

Mnada uliofuata Katarina alikuwa anauza uji mahali pake pa siku zote. Kijana mmoja alileta dume jekundu na mama yake, akaomba mzee alipime. Watu wakakusanyika. Habari ya Mpanda ilikuwa imefika Majimoto kabla ya basi, kwa hiyo walikusanyika wengi kuliko kawaida, na wengine walikuwa wameanza kutabasamu.

Mzee Manyanda hakuwatazama. Alisugua viganja vyake kwanza, akavipasha kwenye sufuria ya uji ya Katarina mpaka vikapata moto, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Kisha akapita nyuma ya dume, akafumba macho.

"Ana moja," alisema. "Hili la nyama."

Kijana alikwishaanza kuifungua kamba ya ng'ombe jike. "Na mama yake nimpandishe fuso hilohilo, mzee?"

Manyanda alijifuta mikono kwenye koti, polepole, kidole kimoja kimoja. Katarina aliacha kukoroga uji.

"Mama yake ana kosa gani?" mzee alisema. "Mrudishe nyumbani akale. Nyie mkitaka kuuza mtu, mtafuteni babu yake."